Je, Mateso Humfundisha Mtu Haki?



Kila mwaka mwezi wa Novemba, ndugu zetu waliohamia Marekani kutoka makazi haya hutupigia simu na kutueleza habari za Sikukuu ya Shukrani. Ni Alhamisi ya nne ya mwezi huo. Familia hukusanyika, hula pamoja na kukumbuka wakimbizi Wakristo waliopokelewa na wenyeji zamani. Katika somo la Biblia la vijana, mmoja wao aliuliza: "Kama taifa lile lilianza na wakimbizi waliomcha Mungu, wale wenyeji waliowapokea wako wapi leo?" Siku ile tulikosa jibu. Tumeendelea kulitafakari swali lake, kwa maana linatuhusu sisi pia.

WAKIMBIZI WA MWAKA 1620

Watu wale walikuwa Waingereza waliokataa kuabudu katika kanisa la mfalme. Baadhi yao walitozwa faini na kufungwa. Mwaka 1608 walikimbilia Uholanzi, wakaishi huko kwa muda wa miaka 12 hivi, wengi katika mji wa Leiden. Maisha yao ya huko sisi tunayaelewa vizuri. Walifanya kazi ngumu za kufuma nguo kwa malipo madogo, na waliogopa kwamba watoto wao wangepotewa na lugha na desturi za wazazi. Mwaka 1620 sehemu yao walipanda meli ya Mayflower. Abiria walikuwa 102, ingawa si wote walikuwa wa kanisa lao.

Walifika pwani ya Marekani wakati baridi inaanza. Njaa ikawabana, wakachukua mahindi yaliyofukiwa na wenyeji ardhini. Tuwape haki yao: mwaka uliofuata waliwatafuta wenye mahindi, wakawalipa. Mahali walipojenga mji wao wa Plymouth palikuwa kijiji cha Patuxet, ambacho watu wake walikuwa wamekwisha kwa ugonjwa kati ya mwaka 1616 na 1619. Kabla baridi haijaisha, karibu nusu ya wageni hao walikuwa wamekufa.

Mwezi Machi 1621 Massasoit, mkuu wa watu wa Wampanoag, alifanya nao mapatano kwamba pande mbili zisidhuriane, na kwamba zisaidiane zikishambuliwa. Yeye naye alikuwa na sababu zake. Ugonjwa ulikuwa umepunguza watu wake, na aliwahofu majirani zake wa Narragansett. Pamoja naye alikuwapo Tisquantum, mzaliwa wa Patuxet. Mwaka 1614 nahodha mmoja Mwingereza alikuwa amemteka na kumpeleka Hispania ili auzwe. Alipofanikiwa kurudi kwao mwaka 1619 alikuta kijiji chake chote kimekufa. Huyo ndiye aliyewafundisha Waingereza kupanda mahindi kwa mbolea ya samaki.

Wazee wetu husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wampanoag walifanya hivyo hasa. Baada ya mavuno Massasoit alikuja na watu kama 90, wakaleta paa watano, wakala pamoja na wageni siku tatu.

MIAKA 55 BAADAYE

Meli ziliendelea kuja. Waingereza wakawa makumi ya maelfu, wakataka ardhi zaidi. Ng'ombe na nguruwe wao waliingia katika mahindi ya wenyeji. Mwenyeji aliyetaka kushtaki alikuta mahakama ni ya Waingereza, na karatasi za ardhi zimeandikwa kwa lugha yao. Massasoit alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1660. Mwaka 1675 vita vililipuka, na mwanawe Metacom ndiye aliyewaongoza wenyeji. Maelfu walikufa, vijiji vikachomwa pande zote mbili. Agosti 1676 Metacom aliuawa, na kichwa chake kikawekwa juu ya mti huko Plymouth, kikakaa hapo miaka mingi.

Mtoto wake wa kiume, mwenye miaka kama tisa, alikuwa ameshatekwa. Wakuu wakawauliza wachungaji: tumfanyeje? Baadhi ya wachungaji walijibu, kwa kutumia mifano ya Biblia, kwamba anaweza kuuawa kwa ajili ya baba yake. Mchungaji James Keith alimtetea. Aliwaonyesha Kumbukumbu la Torati 24:16, mahali panapokataza mtoto kufa kwa kosa la baba. Mwaka 1677 mtoto yule aliuzwa utumwani. Alikuwa mjukuu wa Massasoit.

SWALI LENYEWE

Sisi wakimbizi tunapenda kuamini kwamba aliyeteswa hawezi kumtesa mwingine. Habari hii inatukanusha. Mateso humfundisha mtu maumivu yake mwenyewe. Kutoka hapo hadi kuyaona maumivu ya jirani ni safari nyingine, na mtu anaweza kukataa kuianza. Ndiyo maana Kutoka 23:9 inawaamuru Waisraeli wasimwonee mgeni, kwa kuwa wao wanaujua moyo wa mgeni. Kama kuujua moyo huo kungetosha, amri ingekuwa ya nini?

Mtu anaweza kusema: waliomuuza mtoto si wale waliokula na babu yake. Ni kweli. Wengi walikuwa watoto na wajukuu, au watu waliokuja baadaye. Ilikuwa kama katika Kutoka 1:8, alipoinuka mfalme asiyemjua Yusufu. Lakini kwa nini hawakujua? Deni la fadhila haliendi kwa damu, huenda kwa kusimuliwa. Watu wale walisimulia sana jinsi Mungu alivyowaokoa, ila mkono ambao Mungu aliutumia ukasahauliwa. Tunajiuliza kama shukrani ya namna hiyo inamfikia Mungu.

Kosa hilo liliingia katika msingi wa taifa. Hati ya uhuru ya mwaka 1776 ilitangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa. Thomas Jefferson aliyeiandika alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake, na hati hiyohiyo iliwataja wenyeji kama washenzi wakatili. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865. Wenyeji wote walitambuliwa kuwa raia mwaka 1924. Wampanoag bado wapo, na tangu mwaka 1970 wenyeji hukutana Plymouth siku ya Sikukuu ya Shukrani ili kuomboleza. Hilo ndilo jibu la kijana wetu: wapo, na wanakumbuka.

Wengine watasema fundisho ni kwamba mgeni abaki mgeni milele. Hapana. Sisi tumetoka mahali ambapo swali la "nani alifika kwanza" limechimba makaburi mengi. Ubaya haukuwa kufika Plymouth, wala watoto kuzaliwa huko. Ubaya ulikuwa kwamba haki ya mgeni iliongezwa kwa kukatwa kutoka haki ya jirani.

NA SISI JE?

Wakati wa kiangazi kilichopita vijana wetu walikata miti ya kuni katika shamba la mzee mmoja mwenyeji. Alipokuja kulalamika, baadhi walimcheka. Baadaye tuligundua kwamba huyo mzee ndiye aliyewapa familia za kwanza vijiti vya muhogo vya kupanda, wakati hatukuwa na kitu ila turubai na sufuria. Tulikwenda kumwomba msamaha, tukampelekea miche ya kupanda. Alitupokea vizuri. Kisha akauliza: "Lakini ninyi wazee, watoto wale hamkuwaambia?"

Hatukuwa tumewaambia. Kila Jumapili tunashuhudia jinsi Bwana alivyotuvusha, na jina la mzee yule halijatajwa hata mara moja. Watoto waliozaliwa hapa wanawajua wenyeji kwa ugomvi wa kuni na mbuzi tu.

Kwa hiyo tunaomba kila nyumba ifanye jambo moja. Jioni, watoto wakiwa wamekaa, waambieni ni nani aliyewapa mbegu ya kwanza, na ni mama gani aliyewaonyesha kisima. Watajeni kwa majina. Na siku tukirudi kwetu, tukakuta watu wengine katika mashamba yetu, tukumbuke kwamba na sisi tuliwahi kulima shamba la mtu.

Mungu atupe moyo usiosahau. Amina.