Kufuli Halijui Machozi

Fundi akibadilisha ubao mkuu wa laptopu, kazi huonekana imeisha pale taa inapowaka. Diski ni ile ile, faili ni zile zile, na mwenyewe ameketi hapo kwenye stuli akingoja. Kisha skrini inamdai tarakimu 48. Kwani si yeye mwenye mali?

Diski iliyofungwa kwa BitLocker, programu ya Windows, huhifadhi kila kitu kwa maandishi ya siri. Ufunguo wa kila siku hulindwa na chipu iliyo kwenye ubao mkuu. Ubao ukitolewa, chipu imeenda nao, na ile mpya haijui lolote. Unabaki ufunguo wa akiba: vifungu 8 vya tarakimu 6. Ukiukosa, na ubao wa zamani umekufa, hakuna fundi wa Luthuli Avenue wala mhandisi wa Marekani atakayekufungulia.

Wengi huuita huu ukatili. Lakini hebu mfikirie mjane anayetafuta picha za marehemu mumewe. Halafu mfikirie mwizi aliyeng'oa diski na kuichomeka kwenye mashine yake. Mbele ya kufuli, wote wawili ni watu walioshika diski isiyo na chipu yake. Kufuli litakalomfungulia mjane kwa sababu analia litamfungulia mwizi pia, maana hata mwizi anajua kulia.

Kwa hivyo huruma haiwezi kukaa ndani ya kufuli. Hukaa kwa mtu aliyeachiwa nakala, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ukiiweka kwenye akaunti ya kampuni, utaipata kwa urahisi, ila kampuni nayo inaweza kuamriwa na mahakama iitoe. Ukiiandika kwenye karatasi, moto hauchagui. Ukimpa mke au ndugu, je, siku mkikosana?

Mtu akisafiri humwachia jirani ufunguo wa nyumba. Anajua jirani anaweza kuiba, na bado anamwachia, kwa sababu nyumba isiyoweza kufunguliwa na yeyote siku ya dharura inamlinda nani? Hesabu ya kompyuta haijatuondolea mzigo huo wa kuamini watu. Imetulazimisha tu tuubebe mapema, tukiwa bado wazima.

Basi kabla fundi hajashika bisibisi, bei ingoje kidogo. Aulize kwanza: zile tarakimu 48 ziko kwa nani?