KICHWA KISICHO NYWELE NA MOYO USIO SHUKRANI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa sura aipendayo Yeye; na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake na sahaba zake. Ama baad:

Alikuwako katika mji mmoja wa pwani kijana wa miaka 22, mtoto wa watu wema. Nywele zake zikaanza kupukutika utosini. Kwanza alificha kwa kofia. Kisha akanunua mafuta kwa huyu na dawa kwa yule, hata bangili za mama yake zikauzwa. Siku moja ya Ijumaa, alipokuwa akisujudu, kofia ilimwanguka, na vijana wa safu ya nyuma wakacheka. Tangu siku hiyo hakuonekana tena msikitini, na posa aliyokusudia kuipeleka akaiacha.

Mwalimu wake wa chuoni, mzee aliyemsomesha tangu alifu, akamwendea nyumbani. Baada ya salamu na kahawa, mzee akavua kilemba, akavua na kofia, akainamisha kichwa: hapana unywele mmoja toka paji la uso hata kisogoni. Akasema:

"Mwanangu, zangu zilianza kuniaga nami nina umri kama wako, nikalia kwa siri. Hata nilipojaaliwa kwenda Hija, siku ya kuchinja pale Mina, nikakaa mbele ya kinyozi nikiona haya. Akanipitishia wembe juu ya ngozi tupu, kama ilivyo sunna katika madhehebu ya Imamu Shafi'i kwa asiye na nywele. Nilipoinuka nikatazama: maelfu ya vichwa vilivyonyolewa, wala hapana awezaye kusema nani jana alikuwa na nywele na nani hakuwa nazo. Hapo nikafahamu kuwa kile nilichokililia miaka yote, wenzangu wanakitoa kwa furaha, wakitaka radhi ya Mola wao."

Kijana akasema: "Lakini maalim, watu wananicheka."

Mzee akajibu: "Waliokucheka wamefanya dhambi, nao wamekatazwa katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11. Walakini wao wamekucheka saa moja. Wewe umejinyima Ijumaa 12, na Ijumaa ni faradhi, wala upara si udhuru. Hasara ipi ni kubwa?"

Kisha akamkumbusha hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya watu watatu wa Bani Israil: mwenye mbaranga, mwenye upara na kipofu. Malaika alimwuliza mwenye upara alitakalo. Akataka nywele nzuri, na aondokewe na lile lililowafanya watu wamchukie. Akapewa nywele, akapewa na ng'ombe mwenye mimba, mali ikazaa ikajaa bonde. Kisha malaika akamjia kwa sura ya maskini, akamwomba ng'ombe mmoja tu. Akamnyima, akakana kuwa alipata kuwa na upara na ufukara. Nywele alikuwa nazo, shukrani hakuwa nayo. Aliyefuzu ni yule kipofu, aliyeikumbuka hali yake ya kwanza akatoa.

Basi enyi vijana, fahamuni. Waganga wa leo wamebainisha kuwa upara wa wanaume aghlabu ni urithi, wa upande wa baba na wa mama pia, na huweza kuanza hata kabla ya miaka 20. Si uchawi wala si uchafu. Mapunye ni maradhi, nayo yatibiwe. Kutafuta dawa ya halali si makosa, maadamu hakuli haki ya mama wala ya watoto. Ama kuunga nywele za mwanadamu mwingine ni haramu, na kumficha mchumba ni khiyana. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) ametajwa katika tarikhi kuwa alikuwa na upara, na haukumpunguzia heshima hata chembe.

Nanyi mnaocheka, ogopeni: nywele zilizo vichwani mwenu ni za kuazimwa, na Mwenyewe hana miadi ya kuzitaka.

Ijumaa iliyofuata kijana yule alikuwa katika safu ya kwanza, ubavuni mwa mwalimu wake. Wabillahi tawfiq.