Kanzu ya Pili Kabatini

Andiko: Luka 3:10–11

Haya niliyagusia kwa kifupi katika ibada ya kina mama, nikaombwa niyaandike. Si mahubiri makubwa. Ni habari ya kabati.

Mwezi wa tano, mvua iliponyesha sana hapa Magogoni, bati lilivuja upande wa chumba changu na maji yakaingia kabatini. Jua lilipotoka ikabidi nitoe kila kitu nje: kwenye kamba, kwenye ua, hata juu ya mkokoteni wa jirani. Nilipomaliza nikaona haya. Mimi ninayenung'unika kila Jumapili kwamba sina nguo ya maana, nimejaza uwanja mzima! Nyingine zilikuwa zimeshika ukungu, maana hewa ya Mombasa haisamehi nguo isiyovaliwa. Nikakumbuka Yakobo 5, pale anapowaonya matajiri kwamba mavazi yao yameliwa na nondo. Siku zote nilidhani anasema na watu wa Nyali.

Binti yangu alikuja kunisaidia. "Mama, hili kabati limekuwa stoo," akaniambia. Akanieleza habari za mwandishi mmoja wa Japani, Marie Kondo, anayefundisha kwamba ushike nguo moja moja ujiulize kama inakupa furaha. Isiyokupa furaha, unaishukuru na kuiachia. Nikajaribu. Shida ni kwamba karibu zote zilinipa furaha! Hata lile gauni la harusi ya dada yangu, ambalo siku hizi halipiti mabegani, lilinipa furaha.

Ndipo nikaona kwamba swali lile, ingawa ni zuri, linamwangalia mtu mmoja tu: mwenye kabati. Makutano walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwauliza wanaipenda kanzu ipi. Aliwaambia mwenye mbili ampe asiye nayo. Kwa Yohana, kanzu ya pili haipimwi kwa moyo wa mwenye nayo. Inapimwa kwa mgongo wa asiye nayo.

Lakini kugawa nako kuna ujanja wake, na hapa naungama. Mwaka jana nilijaza mfuko wa nguo nikampelekea jirani yangu. Siku chache baadaye nikapita mlangoni kwake, nikaona anapiga deki kwa blauzi yangu! Nikaingia kwenye maombi na hasira: "Bwana, umeiona dharau hiyo?" Nikiwa bado nimepiga magoti, swali likanirudia mimi: ulimpa nini? Blauzi ile ilikuwa na doa la jiki kifuani na zipu imekufa. Nilimpa tambara, akalitumia kama tambara. Kati yetu wawili, yeye ndiye aliyekuwa mkweli.

Wanaonunua mitumba Kongowea watanielewa. Robota likifunguliwa, zile nguo safi zinazochaguliwa kwanza huitwa kamera, na bei yake si mchezo. Zinazobaki mwisho, zilizopekuliwa na kila mkono, ni fagia. Mimi nilijiwekea kamera, nikampa jirani fagia, halafu nikakaa kusubiri shukrani. Daudi alipopewa bure uwanja wa Arauna alikataa, akaununua, kwa kuwa hakutaka kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu (2 Samweli 24:24). Utasema ile ilikuwa ya madhabahu. Lakini Yesu alisema tunayowatendea wadogo tunamtendea yeye. Basi mlango wa jirani hauko mbali na madhabahu.

Upande wa mwisho wa kabati ndio uliokuwa mgumu. Kulikuwa na suti ya kijivu ya marehemu mume wangu. Kwa miaka sita nilikuwa nikifungua ule mfuko wake wa plastiki na kunusa. Siku ile nilinusa nikapata harufu ya vidonge vya nondo tu. Binti yangu aliniangalia, akanyamaza.

Je, kuitunza ilikuwa dhambi? Sidhani. Dorkasi alipokufa kule Yafa, wajane walisimama wakilia na kumwonyesha Petro nguo alizowashonea. Petro hakuwakemea. Na Paulo, akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa. Kutunza unachokihitaji si uchoyo, na kumkumbuka mtu si kuabudu sanamu. Lakini wajane wale nguo zao zilikuwa mikononi, zikishuhudia wema wa Dorkasi. Yangu ilikuwa gizani, haimshuhudii mtu yeyote.

Kuna walionishauri niichome, wakiogopa nguo ya marehemu. Nawauliza kwa upendo: hizi tulizovaa leo zilikuwa za nani? Mitumba iliwahi kuitwa kafa Ulaya, yaani mwenyewe amefia huko, na watu walizivaa tu. Nguo ni kitambaa. Tusiogope kitambaa tukasahau mtu.

Kijana mmoja wa kanisa alikuwa anakaribia kufunga ndoa na alikuwa akitafuta suti ya kukodi. Nikampa ile. Siwadanganyi kwamba nilipata amani papo hapo. Usiku ule nililia. Siku ya harusi nilimwona kwa nyuma akiingia, moyo ukaruka. Kisha akageuka. Alikuwa mtu mwingine, anacheka, na suti ilikuwa yake. Nikamshukuru Mungu kwa wote wawili.

Nimebaki na shati moja la mume wangu, na leso aliyoninunulia tulipopata kifungua mimba wetu. Kama Bwana ataniomba na hizo, bado sijui nitamjibu nini. Naandika ili muniombee.

Na jirani yangu? Nilimpelekea dera nililolivaa mara moja tu, nimelifua na kulipiga pasi. Alilipokea, akaligeuza ndani nje, akakagua mishono, akaniuliza: "Mama, na hili nalo lina shida gani?" Swali lile lilinichoma kuliko mahubiri mengi. Nilikuwa nimemfundisha kwamba mkono wangu hutoa vilivyoharibika.

Wapendwa, juma hili fungua kabati lako. Usianze na zile usizozipenda. Shika nguo usiyoivaa ujiulize: ni nani ninayemjua anayeihitaji? Kisha jiulize: mimi mwenyewe ningeivaa kuja ibadani Jumapili? Kama ungeivaa, ifue, ipige pasi, ipeleke kwa mkono wako. Kama usingeivaa, ikate matambara mwenyewe upigie deki nyumbani kwako. Usimbebeshe maskini kazi ya kukutupia taka.

Tuombe: Bwana, ulitupa Mwanao, aliye bora kuliko vyote ulivyo navyo. Tusamehe kwa fagia tulizokuletea kupitia jirani zetu. Tufungue mikono kabla nondo hawajatufungulia kabati. Amina.