Wakati wa Kiazi

Embe likiiva hubadili rangi, na mpunga ukikomaa huinamisha masuke. Macho ya mwenye shamba hayahitaji mkalimani. Kiazi kitamu si hivyo. Hukua gizani, na mtu atakaye kuijua hali yake hana budi ama kukichimbua na kukikatiza ukuaji wake, ama kukiacha na kubaki na dhana. Kwa sababu hii, swali la lini kiazi kivunwe si swali la kilimo peke yake. Ni swali la namna binadamu apasavyo kutenda katika jambo asiloliona.

Lugha ya Kiswahili ina methali mbili juu ya jambo hili, nazo kwa sura hazipatani. Ya kwanza husema kwamba subira huvuta heri. Ya pili husema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Aghalabu mtu huchagua ile iifaayo tabia yake: mvivu huuita uvivu wake subira, na mlafi huuita ulafi wake bidii. Ili kujua ipi ni kweli, yafaa kutazama tuta la viazi.

Katika Bariadi, nchi ya Wasukuma, ambayo ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, mvua aghalabu huanza Oktoba au Novemba na kukoma kama Mei. Viazi hukomaa kwa miezi 3 hadi 6, kwa kadiri ya aina yake. Mama mwenye shamba hutazama tuta. Likipasuka, hujua kwamba chini yake kuna kiazi kilichonenepa na kuusukuma udongo. Hukata kimoja na kuangalia utomvu wake: ukikauka bila kubadilika, kimekomaa, ukigeuka mweusi, bado.

Lakini ufa huo una habari mbili. Fukusi wa viazi hana nguvu ya kuchimba udongo. Njia yake kubwa ya kukifikia kiazi ni ufa. Hushuka, hutaga mayai, na watoto wake hutoboa kiazi hata kiwe kichungu kisicholika. Basi ishara ile ile itangazayo neema ndiyo ifunguayo mlango wa hasara.

Wenyeji hawakubali kufungwa baina ya leo na kesho. Hufukua tuta kwa vidole, hutwaa kiazi kikubwa kwa chakula cha siku, huacha vidogo vikue, kisha huufukia ufa. Kiangazi kinapozidi, na nyufa zikashinda mikono, huvuna vyote vilivyosalia. Vingine hukatwa vibichi na kuanikwa viwe michembe. Vingine huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa viwe matobolwa. Hiyo ni akiba ya miezi isiyo na mavuno.

Yumkini mtu atasema kwamba subira ni anasa ya mwenye ghala. Nyumba yenye watoto wenye njaa itachimba hata vyembamba, wala hapana mwadilifu awezaye kuilaumu. Neno hili lina haki. Laonyesha kwamba kukomaa kwa kiazi ni nusu ya kipimo, na nusu ya pili ni haja ya mlaji. Kiazi kidogo kilichomshibisha mtoto kimevunwa kwa wakati wake. Kiazi kikubwa kilicholiwa na fukusi kimecheleweshwa, ijapokuwa mwenyewe alijiita mvumilivu.

Kwa hiyo methali zile mbili hazigombani. Kila moja ni onyo kwa mtu wa tabia iliyo kinyume chake: subira imeusiwa mwenye pupa, na matumbo yametajwa kwa mwenye kusitasita. Mwenye busara huzisikiliza zote mbili, huusoma ufa, hupima njaa ya nyumba yake, kisha hutia mkono udongoni kabla ya yakini kutimia. Atakaye yakini kamili ataipata siku moja, lakini fukusi atakuwa ameipata kabla yake.