Moshi wa Harlingen na Mawe ya Shinkolobwe

Oktoba 1976, mjini Harlingen, Texas, chama cha wapenzi wa ndege za kale kilifanya maonyesho yake ya kila mwaka. Kivutio kilikuwa FIFI, ndege ya mabomu aina ya B-29 waliyoikuta imetelekezwa jangwani California, wakaihangaikia hadi ikaruka tena mwaka 1971. Hapo wapewe haki yao: kufufua dude la injini nne lililokwisha kuhesabiwa chuma chakavu si kazi ya mchezo.

Nia ilikuwa kuwaenzi warusha ndege wa vita vya pili vya dunia. Lakini kuruka tu wakaona hakutoshi. Wakamwita Paul Tibbets, yule yule aliyeipeleka ndege ya Enola Gay kudondosha bomu la atomiki juu ya Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945, aiendeshe FIFI. Ndege ilipopita juu ya uwanja, baruti ikalipuliwa ardhini, moshi ukapanda kwa umbo la uyoga mbele ya maelfu ya watazamaji.

Hiroshima walikuwapo watu wenye makovu ya moto ule mwilini. Hakuna aliyewauliza. Meya wao akapinga vikali, na serikali ya Marekani ikalazimika kuiomba radhi Japani kwa ajili ya burudani ya alasiri moja.

Sisi wa Katanga tusiharakishe kuwacheka. Toka Kapolowe, pita Likasi, shika magharibi: utafika Shinkolobwe. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilichimbwa pale, katika mgodi wa kampuni ya Union Minière. Mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kurundika zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo Staten Island, New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilipokuja kutafuta, likakuta mzigo unalisubiri. Mwingine ukafuata kwa treni hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, kisha kwa mto hadi Léopoldville, halafu Matadi na baharini.

Mawe yenyewe yalichambuliwa kwa mkono, yakatiwa maguniani na Wakongo wasioambiwa ni ya nini. Sengier alipewa nishani na Marekani mwaka 1946. Enola Gay ni jina la mama yake Tibbets. FIFI ni la mke wa mfadhili wa ndege ile ya Texas. Yaani ndege zina majina, ila wachambuaji, katika vitabu vingi vya habari za bomu, ni "wafanyakazi" basi.

Wewe ambaye babu yako alikula mshahara wa Union Minière, kamuulize mama au shangazi jina lake kamili, kambi aliyokaa na kazi aliyoifanya, uandike. Na siku mtakapotaka kuwakumbuka wazee hao, kaeni kwanza na wajane na watoto wao, muwasikilize wanataka nini, kabla hamjakodi bendi.