Vuli Isikukute Umelala!

Ewe mfugaji wa Handeni, umelala? Nyasi zimekauka, ardhi imepasuka, kinyesi zizini kimekuwa kikavu kama karanga, nawe wajifariji: kiangazi kimeua minyoo. Hakijaiua! Nawe wajua!

Iko wapi? Tumboni mwa kondoo wako! Jua huchoma lava (minyoo wachanga) walioko malishoni, lakini waliomezwa mvua zikiisha wamejikunyata kwenye ukuta wa tumbo la nne. Hawakui, hawatagi, hawafi. Wanaingoja vuli kama unavyoingoja wewe.

Mvua ya kwanza itakapogonga bati, utashangilia. Nao wataamka! Watakula damu, watakomaa, watataga. Jike mmoja wa mnyoo huyu mnyonya damu, mwembamba kama uzi, mwenye mistari myekundu na myeupe iliyosokotana, hutaga mayai zaidi ya 5,000 kwa siku. Elfu tano! Pakiwa na joto na unyevu, wiki haiishi, lava wamekwishapanda majani pamoja na umande.

Geuka sasa! Mkamate kondoo, mbane kichwa, shusha kope ya chini kwa kidole gumba. Ndani pana wekundu wa nyama mbichi? Mwache aende. Pamefifia? Mtie alama, umrudie. Peupe kama karatasi? Mnyweshe dawa saa hiyo hiyo! Papasa na chini ya taya: ukikuta uvimbe laini kama mfuko wa maji, umechelewa, kimbia! Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi 5 ya kulinganishia kope. Huna kadi? Gumba unalo, jua unalo, kisingizio huna!

Lakini usinyweshe kundi zima! Hapa tunajiangamiza kwa mikono yetu. Kiangazi malisho hayana lava wa kuchanganyika na wale waliokwepa dawa. Ukinywesha wote, watakaobaki ni sugu watupu, na hao ndio watakaoijaza vuli kwa mayai yao. Unatoa hela dukani, unarudi nyumbani, unafuga usugu! Wala usipunguze kipimo ili chupa itoshe. Dozi ndogo ni shule ya minyoo.

Majike wenye mimba wachunguzwe kwanza, maana kinga yao hulegea wakikaribia kuzaa.

Mawingu yameanza kujikusanya. Funga mlango wa zizi, wapitishe mmoja mmoja. Anza na yule anayebaki nyuma ya wenzake kila jioni. Unamjua!