Jumatatu, Nyabugogo: Imani Yako Iko Wapi?

Jana ulikuwa kanisani. Uliimba mpaka sauti ikakauka. Uliinua mikono, ukasema amina, ukatoa sadaka, ukarudi nyumbani moyo mwepesi.

Leo ni Jumatatu. Saa kumi na mbili asubuhi, uko Nyabugogo, stendi ya mabasi ya Kigali.

Imani yako iko wapi?

Usijibu kwa mdomo. Mdomo ulishajibu jana. Leo tazama mikono yako inafanya nini.

Stendi imeshaamka. Mabasi ya Huye, ya Musanze, ya Rusizi, ya Kampala yananguruma. Wapiga debe wanagombania abiria. Wenye moto, zile pikipiki za abiria, wamejipanga barabarani na kofia ya abiria mkononi. Mama wa nyanya ameshapanga mafungu yake. Kinyarwanda, Kiswahili na Kiganda vinapishana juu ya mabegi na magunia. Na wewe umo humo humo. Labda unakata tiketi. Labda unauza caguwa, nguo za mitumba, unaendesha moto, unabeba mizigo, au unapita tu kukimbilia ofisini mjini.

Hapo ndipo Mungu anapokuulizia.

Mteja anasimama mbele yako. Mgeni. Ameshuka sasa hivi kutoka basi la Uganda, hesabu ya faranga bado inamchanganya. Kitu chako ni elfu moja na mia tano. Anakupa noti ya elfu tano, simu iko sikioni, jicho liko kwenye mizigo yake. Unamhesabia chenji: elfu mbili na mia tano. Anatia mfukoni bila kuangalia. Elfu moja imebaki kwenye kiganja chako. Hakuna aliyeona. Anageuka, anaanza kuondoka.

Utamwita?

Utamwita, au utamwacha aende?

Hiyo ndiyo ibada yako ya leo. Haina kwaya, haina kipaza sauti, haina mchungaji wa kukupongeza. Ina sekunde tano na noti moja ya elfu.

"Ah, elfu moja tu!" Nani amekudanganya kwamba Mungu anakutafuta kwenye mamilioni peke yake? Anayemwibia mgeni elfu moja kwa sababu ni ndogo, siku ya milioni atasema ni kubwa mno kuiachia. Kisingizio hakikosi pa kusimama.

Na sasa nikuambie kwa nini unaibakiza. Si kwa sababu wewe ni mtu mbaya. Ni kwa sababu unaogopa.

Unaogopa kodi ya nyumba. Unaogopa karo. Unaogopa jioni utarudi Kimisagara au Gatsata mikono mitupu. Unaamini kwamba Mungu aliumba mbingu na nchi, lakini huamini kwamba anaweza kukulisha wiki hii bila wewe kumpunja mtu. Kila siku unasema Mungu hamtupi mja wake. Unalisema wakati wa msiba, unalisema wakati wa ugonjwa. Mbona hulisemi ukishika mizani?

Sema sasa! Sema ukiwa umeishika mizani, kidole chako kikiwa mbali na sahani yake!

Kumtegemea Mungu ndiko huko. Ni kuuza kilo iliyo kilo kamili. Ni kumwambia mteja, "Hizi za chini zimeoza, nikutolee." Ni kumwambia bosi, "Hapana, risiti ya uongo siiandiki." Ni kulala ukiwa umepata kidogo, na usingizi ukakujia.

Unaniambia nchi hii ina Wakristo wengi? Najua. Mwaka 1994 pia walikuwa wengi. Makanisa yalijaa, vyeti vya ubatizo vilijaa makabatini. Nenda Ntarama, nenda Nyamata, uone palipokuwa makanisa na sasa ni kumbukumbu za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Watu walikimbilia humo wakitafuta hifadhi, wakauawa humo humo. Usiniambie basi kwamba kukaa kwenye benchi kunatosha. Rwanda imelipa gharama kubwa mno kujua kwamba imani inayoishia mlangoni mwa kanisa haimwokoi jirani.

Lakini kulikuwa na wengine.

Panda basi la Rubavu, hapo hapo Nyabugogo. Litapanda milima ya Shyorongi, litapita Musanze chini ya volkano, litakushusha Gisenyi, ukingoni mwa ziwa Kivu, hatua chache kutoka Goma, upande wa pili wa mpaka wa Kongo. Kwenye mpaka huo mmoja nitakuonyesha watu wawili.

Wa kwanza ni Félicité Niyitegeka. Mlei aliyejiweka wakfu kwa Mungu katika Kanisa Katoliki, akisimamia nyumba ya Saint Pierre pale Gisenyi. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, alifungua mlango. Aliwaficha watu waliokuwa wakiwindwa, akawasaidia wengine kuvuka kwenda Goma. Yeye mwenyewe hakuwa akiwindwa. Alikuwa na ndugu afisa jeshini, na ndugu huyo akamtaka aondoke ajiokoe. Félicité akamjibu kwa barua: hatawaacha watu wake. Tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja nao. Leo Rwanda inamhesabu miongoni mwa mashujaa wa taifa, daraja la Imena.

Alikuwa na umri wa miaka 60 hivi.

Na wewe wa miaka 45 unasema wakati wako umepita?

Wa pili ni Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, msomi wa sheria, mwana wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Nje ya kazi aliwafundisha na kuwahudumia watoto wa mtaani, wale ambao Goma huwaita maibobo. Kazini alikuwa mkaguzi katika shirika la serikali ya Kongo linalokagua bidhaa zinazoingia nchini. Kalamu yake ndiyo iliyosema chakula hiki kipite, hiki kisipite. Siku moja ukafika mzigo wa chakula kilichoharibika. Wenye mzigo wakamletea hongo afumbe macho. Akakataa. Wakaongeza dau. Akakataa. Kwa kuwa chakula kile kingeishia kwenye sahani za maskini wa Goma, na yeye alikuwa anawajua maskini wa Goma kwa majina.

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Siku mbili baadaye mwili wake ukapatikana. Tarehe 15 Juni 2025, Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo, Kanisa Katoliki likamtangaza mwenyeheri.

Alikuwa na miaka 26.

Na wewe wa miaka 24 unasema bado mdogo?

Mmoja alikuwa mama wa makamo, mwingine kijana aliyeanza kazi juzi. Hawakuwa na majeshi wala mamilioni. Félicité alikuwa na mlango. Floribert alikuwa na kalamu. Basi!

Wewe una nini mkononi?

Usinipe orodha ya usichonacho. Hiyo naijua, umeshawasomea watu wengi. Niambie ulicho nacho. Usukani? Mizani? Kitabu cha tiketi? Simu yenye pesa za MoMo? Chaki ya darasani? Funguo za stoo ya tajiri wako? Hapo ndipo ulipopangiwa zamu. Hapo ndipo imani yako inaajiriwa.

Unadhani Floribert alijua kusema hapana kwa mara ya kwanza siku ya ule mzigo? Unadhani Félicité alijifunza kufungua mlango usiku ule wa hatari? Siku kubwa haimpi mtu moyo mpya. Inamkuta na moyo aliokuwa akiujenga kwenye siku ndogo. Mtu aliyezoea kufungulia wenye njaa, ndiye anayefungulia wanaowindwa. Mtu aliyezoea kurudisha chenji ya elfu moja, ndiye anayeweza kusukuma mbali bahasha ya dola.

Kwa hiyo acha kuota siku kubwa. Anza mazoezi leo.

Ninakusikia ukijitetea.

"Kila mtu anafanya hivyo hapa." Kila mtu ni nani? Ulimhesabu yule mama anayeongeza nyanya mbili juu ya fungu bila kuombwa? Ulimhesabu yule mwenye moto aliyerudi kutafuta abiria aliyesahau simu? Wapo! Wamekaa karibu yako. Wanakungoja uongeze idadi yao.

"Biashara haiendi bila uongo." Umejaribu lini kuiendesha kwa ukweli? Mwezi? Wiki? Au hujajaribu hata siku moja, ila umesikia?

"Watanicheka, wataniita mlokole." Wacheke! Watacheka Jumatatu, watacheka Jumanne. Ijumaa mmoja wao atakuwa na pesa ya kuwekesha, na atatazama huku na huku akitafuta mtu wa kuaminika. Unadhani atampa nani? Yule waliyekuwa wakicheka naye?

"Nitaanza mambo yakininyookea." Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nidhamu uliyoikosa ukiwa na faranga elfu kumi hutaiokota ukiwa na milioni.

"Mimi ni nani?"

Hapo ndipo nilipokuwa nakungojea.

Gideoni alikuwa nani? Alikuwa kijana mwoga aliyejificha shinikizoni, akipura ngano yake kwa siri ili Wamidiani wasimwone. Malaika akamkuta humo humo mafichoni, na akamwita shujaa. Alimwita shujaa kabla hajapigana hata vita moja. Gideoni mwenyewe akapinga: ukoo wangu ni dhaifu, na mimi ni mdogo wa mwisho nyumbani. Mungu hakubishana naye kuhusu ukoo. Alimwambia aende.

Ndivyo ulivyo wewe. Kuna mtu mkubwa ndani yako, na amelala. Amelala chini ya hofu, chini ya mazoea, chini ya "ndivyo maisha yalivyo". Mungu anamjua kwa jina. Anamwita kila asubuhi, na kila asubuhi wewe unamfunika blanketi.

Mfunue!

Sikudanganyi kwamba ukweli hauna gharama. Unayo. Kuna mteja atakwenda kwa yule anayepunja akipunguza bei. Kuna bosi atakununia. Kuna siku utarudi nyumbani na pungufu. Floribert alilipa kwa uhai wake. Mtu akikuambia kwamba ukimfuata Kristo kila kitu kitakuwa chepesi, huyo hajasimama chini ya msalaba. Lakini niambie: uongo wako umekuwa bure? Hujaulipia? Umeulipia kwa usingizi, kwa jina lako, kwa watoto wanaokutazama na kujifunza. Kama ni lazima kulipa, lipia kitu chenye thamani.

Na huko kulipa hulipi peke yako. Hilo usilisahau. Anayekutuma Nyabugogo yuko Nyabugogo. Hakubaki kanisani kulinda viti vitupu mpaka Jumapili ijayo. Yuko kwenye foleni ya tiketi, yuko kwenye jua la saa saba, yuko pale unapotetemeka kabla ya kusema hapana. Tetemeka, halafu sema. Kutetemeka hakuharibu ujasiri hata kidogo.

Sasa tuache maneno. Leo, kabla jua halijazama, fanya haya.

Pesa iliyoingia kwenye MoMo yako kwa makosa wiki iliyopita, irudishe. Mtu huyo ana majina, ana watoto, huenda hiyo ilikuwa karo.

Anayekudai, mpigie wewe. Usingoje akupigie uzime simu. Mwambie ukweli: sina zote, nina hizi, zilizobaki nitaleta tarehe fulani. Halafu ilete tarehe hiyo.

Binti wanayemtolea maneno machafu akipita kati ya mabasi, usicheke nao. Simama. Sema, "Mwacheni dada." Maneno mawili tu! Hujui yatamfuta machozi ya miaka mingapi.

Mtoto anayezurura pembezoni mwa stendi na nguo zilizochanika, muulize jina. Umempita mwaka mzima. Leo mjue. Floribert alianzia hapo.

Mwenzako uliyeacha kumsalimia, mvukie barabara. Katika nchi hii wapo watu waliosamehe yasiyosameheka. Wewe unashindwa kusamehe ugomvi wa kijiwe?

Kisha kesho uamke ufanye tena. Na keshokutwa. Na siku mbaya, ya mvua, ya mauzo hafifu, siku ambayo hujisikii kuomba, hiyo ifanye mara mbili.

Unasubiri nini? Semina? Ndoto? Nabii akutabirie? Umeshahubiriwa vya kutosha! Mahubiri uliyokwisha kuyasikia yanatosha kubadilisha stendi nzima, kama ungetenda hata moja ya kumi yake. Basi la saa kumi na mbili halikumngojea aliyekuwa akifunga viatu, na siku yako nayo imeshaondoka kituoni.

Rwanda haina haja na Mkristo mwingine wa kuhesabiwa. Ina haja na mtu ambaye mizani yake inasema kweli. Goma ina haja naye. Kampala ina haja naye. Bujumbura, Kigoma, Nairobi, wote wana haja na mtu huyo.

Mtu huyo ni wewe.

Si mchungaji wako. Si mama yako anayekuombea usiku. Wewe!

Yule mgeni wa Uganda bado hajafika mbali. Elfu yake iko kiganjani mwako.

Mwite. Mkimbilie. Mpe haki yake.

Sasa hivi!